Bia kali iliyokaa pipani: namna ya kuionja bila kuipoteza

Itoe kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua, na ikiwa chumba kina ubaridi iache hata dakika arobaini. Najua wapo wasioigusa bia mpaka chupa itoe jasho, na kwa bia ya kawaida siwabishii. Hii ni nyingine. Kilevi chake mara nyingi ni asilimia 10 hadi 14, na karibu kila ulichokilipia kimo kwenye harufu, ambayo baridi huifunga. Ukiinywa ikiwa nyuzi 4 utapata utamu, uchungu kidogo na moto kooni, basi. Mimi huanza kuisikiliza kwenye nyuzi 12 hivi na kuimaliza ikiwa imefika 16.

Wakati unangoja, soma lebo. Tafuta vitu viwili: asilimia ya kilevi na pipa lilikuwa la nini. Mengi ni mapipa ya mwaloni ya lita 200 hivi yaliyobeba bourbon, na sababu ni sheria ya Marekani: wiski hiyo lazima ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa kwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja mwenye kiwanda analiuza, na watengeneza bia wanalikimbilia. Pipa la divai nyekundu huleta mambo tofauti kabisa: matunda, ukakasi zaidi, na mara nyingi uchachu wa makusudi. Ni vizuri ujue mapema, usije ukailaumu bia kwa kitu kilichokusudiwa.

Glasi iwe ya tumbo pana na mdomo uliobana. Isuuze sana, maana sabuni yenye manukato huharibu kila kitu. Mimina theluthi moja tu, kama mililita 100, kwa kuilaza glasi kidogo. Povu likitoweka upesi usishtuke. Kilevi kingi hulivunja, na bia nyingi za pipani hubaki na pete nyembamba ya kahawia ukingoni tu. Zungusha glasi polepole uone bia inavyopanda ukutani na kuteremka kwa uvivu.

Sasa pua. Hapa usiharakishe hata kidogo. Usiizamishe ndani ya glasi, kwani kilevi kitakupiga na hutanusa kingine kwa dakika nzima. Iweke juu ya ukingo, acha mdomo wazi kidogo, vuta pumzi fupifupi. Kinachotangulia ni wiski. Iache ipite. Nyuma yake huja vanila, na wakati mwingine nazi. Hizo ni za mbao: moto uliochoma pipa huvunja sehemu ya mti na kuacha vanila, na harufu ya nazi imo kwenye mwaloni wenyewe, hasa wa Marekani. Chini kabisa kuna bia: karameli, zabibu kavu, molasi. Ikiwa ni bia nyeusi utapata kahawa na chokoleti chungu, ambazo hutoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa ya kutengenezea bia) kilichokaangwa sana. Pipa halihusiki hapo, ingawa wengi hulipa sifa hiyo.

Andika unachonusa kabla ya kuzungumza. Mwenzangu ninayeonja naye ana mdomo mwepesi, na akishatamka "nazi" mimi sinusi tena kitu kingine ila nazi.

Fundo la kwanza ni la kuuzoesha mdomo tu, usilihukumu. La pili liwe dogo. Lipitishe juu ya ulimi na kwenye fizi, meza, kisha toa pumzi kwa puani, midomo ikiwa imefungwa. Harufu nyingine hutokea hapohapo. Fuata mpangilio: utamu mbele, mbao katikati, na mwishoni uchungu au ule ukakasi unaokausha fizi kama chai iliyoachwa na majani yake mpaka ikapoa. Kidogo ni kizuri, husaidia kukata utamu. Ukizidi, bia imekaa pipani kupita kiasi. Kilevi kinatakiwa kipashe kifua joto bila kuunguza koo.

Fundo la tatu ndilo la hukumu, na kipimo changu ni kimoja: kama neno pekee ninaloweza kusema ni "wiski", bia hiyo imeshindwa. Nikitaka wiski nitakunywa wiski. Pipa likae nyuma ya kimea. Bia ghali kadhaa huanguka hapo, tena zenye chupa nzuri sana.

Kuna hila moja nzuri kuliko maelezo yangu yote. Mkiwa wawili na chupa mbili za bia ileile, iacheni moja kwenye friji mpaka mwisho. Mimina yake kando ya ile iliyopata joto, unuse moja baada ya nyingine. Asiyeamini habari ya joto ataamini.

Kuhusu kasoro: bia nyeusi ya pipa la bourbon ikiwa na harufu ya siki, bakteria wameingia. Harufu ya karatasi iliyolowa ni oksijeni. Ila oksijeni hiyohiyo, ikiingia polepole, ndiyo huleta zabibu na ladha ya divai ya sheri katika bia za zamani, kwa hiyo usiikimbie kila unapoihisi.

Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 12 ina kama gramu 31 za kilevi, wakati bia ya asilimia 5 ya ujazo huo ina 13 tu. Gawaneni, na wekeni maji mezani ya kunywa na ya kusukutua. Mwenye kuendesha gari aishie kwenye kunusa.

Ikibaki, funga chupa vizuri uirudishe kwenye friji na uimalize kesho yake. Gesi itakuwa imepungua, lakini mbao na kimea bado vitakuwepo. Ambazo hujafungua zisimamishe wima, gizani, mahali penye ubaridi usiobadilikabadilika.