Somo: rojo la ubuyu na karanga za sukari za kumwagia juu ya aiskrimu

Sisi tuliokulia Dodoma tunaujua ubuyu mwekundu wa kuuma, ule uliotuacha na ulimi na vidole vyekundu hadi jioni. Ladha ile ile inatengenezeka nyumbani ikawa rojo la kumwagia juu ya aiskrimu, maziwa mgando au mkate wa kumimina. Mimi nimeacha kabisa kununua rojo za dukani, kwa sababu utamu wake ni sukari tupu. Ubuyu una uchachu wake, na uchachu ndio unaoamsha maziwa.

Andaa unga wa ubuyu nusu kikombe, sukari kikombe 1, choya kavu (rosela) kiganja kimoja, iliki 3 zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Choya ndiyo itakayotupa wekundu badala ya rangi ya dukani.

Hatua ya 1. Chemsha choya kwa maji kikombe kimoja na nusu, dakika 10, kisha chuja.

Hatua ya 2. Rudisha maji yale jikoni, weka sukari, iliki na chumvi. Acha yachemke kwa moto wa wastani bila kifuniko. Usiondoke. Mapovu yakiwa makubwa na mazito, dondoshea tone moja kwenye kisahani cha baridi, kisha pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi, epua. Ikijifunga, ongeza dakika 2 ujaribu tena.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huharibu. Usitie ubuyu sufuria ikiwa jikoni. Subiri shira ipoe hadi uvuguvugu, ndipo uchekeche unga kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko. Moto hupunguza vitamini C, na unga ukikutana na shira inayochemka hufanya madonge. Halafu ubuyu una pektini, ile inayogandisha jemu, kwa hiyo rojo litazidi kuwa zito lenyewe likipoa. Usiongeze unga wa mahindi.

Karanga ni rahisi. Kikombe 1 cha karanga mbichi, sukari nusu kikombe, maji vijiko 3, vyote kwenye kikaango. Koroga mfululizo. Sukari itakauka iwe kama mchanga. Wengi hudhani wameharibu. Endelea kwa moto mdogo hadi iyeyuke tena kidogo na kuzishika karanga. Mwaga kwenye sinia, zikipoa zitwange chenga chenga.

Tafadhali chambueni karanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupwe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na karanga nazo hushambuliwa. Kukaanga hakuiondoi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mama. Langu limekuwa gumu kama gundi, nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Shira ilikaa sana motoni. Ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja, ukikoroga, hadi litiririke.

Dada, unga niliununua Soko la Majengo una nyuzi nyuzi. Ni mbaya?

Hapana, nyuzi ni za tunda lenyewe. Chekecha kwa chujio la chai. Ukipata ubuyu wenye mbegu ni bora zaidi, utwange taratibu mwenyewe usizivunje mbegu.

Linakaa muda gani?

Kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, ndani ya friji, mimi natumia ndani ya wiki 2. Chota kwa kijiko kikavu.

Mjukuu wangu ana miaka 2, naye anataka karanga.

Bibi, vipande vya karanga vinaweza kumpalia. Mpe rojo peke yake, au zisage ziwe laini kabisa uchanganye humo, ila kwanza uwe na hakika karanga hazimdhuru.

Je, zabibu zetu zinafaa badala ya ubuyu?

Zinafaa sana. Chemsha zabibu hadi zipasuke, kamua kwenye chujio uache maganda na mbegu, kisha pika maji yake na sukari nusu ya ile ya ubuyu. Kamulia ndimu mwishoni, maana zabibu zikiiva sana hupoa ladha.