Mota ya mashine ya mise isiungue ikikwama: funga ovalodi hivi

Mota iliyokwama utaijua tu: haizunguki, inavuma, na dakika haiishi harufu ya vanishi imejaa bandani. Huku kwetu Mwandiga, Kigoma, mashine ya kukamua mise (kokwa za chikichi) hukwamishwa na kijiwe kimoja, au mise ambayo haijakauka.

Wengi wanategemea breka. Breka inalinda waya; mota hulindwa na ovalodi, kifaa kinachokata mota ikila ampea kupita kiasi. Mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400 hula kama ampea 15. Ikikwama hupanda mara 5 hadi 8. Ampea mara 6 ni joto mara 36, na feni yake nayo imesimama. Breka ya ampea 32 inaweza kukaa kimya mpaka koili ziive.

Hatua ya 1. Pangusa mafuta, soma ampea za delta (alama Δ) kwenye kibati cha mota. Hakisomeki? Zidisha kilowati kwa 2, utapata makadirio.

Hatua ya 2. Nunua ovalodi inayokaa kwenye kontakta yako (swichi ya sumaku inayowasha mota), ya daraja la 10 ("class 10"), yenye kipimo kinachobeba ampea zako. Kwa 15, ya 12 hadi 18 inafaa. Fezi zote tatu zipite humo.

Hatua ya 3. Zima umeme, hakikisha kwa testa. Waya unaolisha koili ya kontakta uupitishe skrubu ya ovalodi yenye namba 95, utokee 96. Hata wasioruka mengine, hili huliruka: ovalodi inabofya "tak", kontakta haina habari, mota inaendelea kuungua. 97 na 98 ni za taa, ukipenda.

Hatua ya 4. Zungusha kidude cha ampea kwenye ovalodi mpaka 15. Si 18. Kosa hili nimelifanya mwenyewe: mteja alilalamika kwamba kila jioni mashine inakata, nikampandishia. Kumbe jioni umeme ulikuwa unashuka, na volti zikibaki asilimia 80, nguvu ya kuzungusha hubaki asilimia 64, mota inaelemewa na kula ampea zaidi. Wiki tatu baadaye mota ililetwa kusukwa upya, koili zote nyeusi sawasawa. (Ingekosa fezi moja, baadhi zingebaki nzuri.) Gharama ya waya tuligawana.

Kwenye sta-delta (mota inayoanza kwa sta kisha kuhamia delta), ovalodi ikikaa chini ya kontakta kuu, zidisha ampea za kibati kwa 0.58. Hiyo 15 inakuwa 8.7, kwa hiyo nunua ya kipimo hicho.

Hatua ya 5. Riseti iwe H (ya mkono), isiwe A (ya kujirudisha yenyewe). Kwenye A, mashine inayowashwa kwa swichi ya kawaida itajiwasha ovalodi ikipoa, na huenda mkono wa mtu umo ndani unatoa mise.

Hatua ya 6. Mota ikizunguka, bonyeza kitufe cha kujaribia kwenye ovalodi. Kontakta isipoachia, rudi hatua ya 3.

Siku ikikata kweli, zima swichi kuu kwanza, toa kilichokwama, kisha zungusha puli kwa mkono. Puli ikigoma, usiguse riseti.