Kuhama Windows kwenda Mac bila kupoteza ngoma zako

Wewe wa Kisauni uliyeuliza utahamiaje Mac na ngoma unazotengeneza kwa kompyuta, laptopu ya Windows usiiuze kwanza. Fungua kila projekti, toa kila traki (sauti ya kila ala au mwimbaji) peke yake kwa faili la sauti la WAV ya biti 24, na zote zianzie mwanzo kabisa wa wimbo hata kama zumari yaingia dakika ya pili, la sivyo ukija kuzipanga upya kila kitu kitapishana. Tempo, yaani kasi ya wimbo, iandike kwenye jina la folda. Hadidiski ya kubebea mafaili fomati exFAT, mpangilio wa diski unaokubali Windows na Mac; ule wa Windows, NTFS, Mac yausoma tu, kuuandikia hapana. Leseni ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ni ileile ila plagini (vijiprogramu vya ala na efekti) pakua za Mac, na ukitumia Logic, programu ya muziki ya Apple, yataka plagini za aina ya AU, za VST haizitambui. ASIO, draiva ya sauti ya Windows, sahau; Mac ina yake, Core Audio, imo tayari. Ukinunua Mac ya mtumba yenye chipu ya M1 angalia RAM mapema, haiongezeki hiyo.