Kuendesha mashine ya presha kwa maji ya Ziwa Victoria bila kuua pampu

Mashine ya presha imetengenezwa kusukuma maji, si kuyavuta. Ukiuchovya mpira wake ziwani moja kwa moja itafanya kazi, pengine wiki, pengine mwezi, kisha pampu inaanza kugonga. Kwa wanaoosha magari, bodaboda na mitumbwi kando ya ziwa, Mwanza, Musoma au Bukoba, mpangilio unaodumu ni huu: pampu ndogo ivute maji ziwani, yatulie kwenye simtank, ndipo yashuke kwenye mashine yenyewe. Vipimo vya hapa ni vya mashine ya petroli inayotumia lita 12 kwa dakika. Ya kwako iangalie kwenye kibati chake.

Hatua ya 1: Mahali

Kaa zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo, na kuvuta maji ya biashara kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Maji ya sabuni na oili yasirudi ziwani. Kama ardhi inateremkia huko, chimba mtaro wa kuyakinga kabla hujanunua hata kifaa kimoja.

Hatua ya 2: Mdomo wa kuvutia maji

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mpira ukilala chini unavuta tope, ukielea juu unavuta mwani, magugu maji na hewa. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge vizuri, kisha ning'iniza futivalvu (vali ya mdomoni mwa mpira inayozuia maji kurudi) chini yake kwa kamba ili ikae sentimita 40 ndani ya maji na angalau sentimita 50 juu ya sakafu ya ziwa. Dumu lifungwe kwenye jiwe zito lisihamishwe na mawimbi. Izungushie futivalvu kipande cha chandarua cha plastiki, kile cha madirishani, mikunjo miwili.

Mpira wa kuvutia uwe mgumu, wenye uzi mgumu wa plastiki uliozungushwa ndani. Mpira laini wa bustani unabonyea na kujifunga wenyewe. Kila kiungo kifungwe klampu mbili, maana tundu dogo lisilovujisha tone la maji linaingiza hewa bila shida. Pampu hiyo ndogo isikae zaidi ya mita 5 juu ya usawa wa maji. Ziwa liko takribani mita 1,134 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo pampu inavuta kina pungufu kwa zaidi ya mita moja ukilinganisha na Dar es Salaam.

Jaza mpira na pampu maji mpaka juu kabla ya kuwasha. Na vuta asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuchafua maji ya pembeni. Pampu ya umeme, ukiitumia, ipite kwenye swichi ya usalama ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja. La sivyo tumia ya petroli.

Hatua ya 3: Matangi mawili

Simtank mbili za lita 2,000, kila moja juu ya jukwaa la mita 1.5. Moja inatumika, nyingine inatulia kwa siku mbili. Tope linashuka, na pia viluwiluwi vya kichocho havimalizi siku mbili bila kumpata mtu, mradi konokono hawajaingia tangini. Anayekwenda kusafisha futivalvu avae buti ndefu. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo hatari zaidi. Toleo la maji liwe sentimita 15 juu ya sakafu ya tangi, na koki ya pili chini kabisa ya kumwagia tope.

Hatua ya 4: Kutoka tangini hadi kwenye mashine

Tumia mpira wa robo tatu inchi, usizidi mita 5. Wa nusu inchi, kwa lita 12 kwa dakika, unakula karibu presha yote ya jukwaa la mita 1.5, na mashine inabaki na njaa. Katikati weka chujio la wavu wa mesh 100 (matundu 100 kwa kila inchi), lenye kikombe kinachoonyesha ndani.

Kisha pima. Chomoa mpira mwishoni, yaani baada ya chujio, jaza ndoo ya lita 20. Ikijaa ndani ya dakika moja, sawa. Ikipita sekunde 80, usiwashe, tafuta kilichoziba.

Hatua ya 5: Kuwasha

Unganisha, fungua koki, bonyeza bunduki injini ikiwa imezimwa mpaka maji yatoke bila kukohoa. Ndipo uwashe. Bunduki ikiachwa imefungwa huku injini inanguruma, maji yanazunguka ndani ya pampu na kuchemka; zaidi ya dakika mbili, zima.

Inapogoma

Presha inayopanda na kushuka kwa mapigo ni hewa au njaa ya maji: anza na chujio, kisha klampu. Sauti ya kokoto ndani ya kopo ni mbaya zaidi. Maji yasipotosha, vipovu vya mvuke hutokea ndani ya pampu, vikibonyea hudonoa chuma kidogo kidogo. Zima hapohapo. Presha ikiwa ndogo huku maji yakitoka kwa wingi, nozeli imelika kwa mchanga; ikiwa maji yenyewe ni machache na mkono unatetemeka, imeziba, izibue kwa sindano yake. Oili ya pampu ikigeuka nyeupe kama maziwa, sili zimepitisha maji: badilisha sili kwanza, kumwaga oili tu hakusaidii.

Jioni endesha maji safi ya bomba dakika tatu, osha kikombe cha chujio, zima injini, funga koki. Halafu bonyeza bunduki mara ya mwisho mpaka isitoe kitu, kwa sababu mpira uliolala na presha unachosha sili, na humrukia usoni anayeufungua asubuhi.