Ndege za plastiki zimepanda bei, mimi nabana hivi

Naunganisha ndege za mfano hapa Leicester, na bei za maboksi ya vipande vyake hazishikiki. Kinachokula pesa ni umbo la chuma la kumiminia plastiki. Kulichonga ni ghali, na anayelipia ni mimi na wewe. Ndiyo maana boksi la umbo la zamani mara nyingi huwa nafuu, ingawa vipande havikai sawasawa.

Kwanza, shuka kipimo: 1/48 maana yake ndege halisi imepunguzwa mara 48, na 1/72 ni ndogo zaidi. Spitfire (ndege ya kivita ya Uingereza) ya 1/48 ina mabawa ya sentimita 23 hivi. Ya 1/72 haifiki 16. Mke wangu naye anapumua, kabati limerudi kuwa lake.

Boksi lililokwisha kufunguliwa ni nafuu zaidi, ila hesabu vipande kabla ya kulipa, ukianzia kioo cha rubani. Niliwahi kurudi nyumbani na Hurricane isiyo na kioo, nikanyamaza.

Zile fremu zinazoshikilia vipande usizitupe. Zikatekate, tia kwenye chupa yenye gundi kidogo ya kuyeyusha plastiki (si supagluu), funga mpaka kesho. Utapata uji mzito wa kuziba nyufa. Pakaza, acha siku mbili, kisha piga msasa namba 400.

Chupa ikiwa mbali, dirisha wazi, pasha kipande kirefu cha fremu juu ya mshumaa bila kugusa moto. Kikilegea, kiondoe, vuta taratibu: uzi mwembamba kama unywele, ndio waya wako wa antena.

Rangi? Brashi moja nzuri yatosha.