Ibane video kabla ya kuiweka kwenye tovuti ya biashara

Faili lililotoka moja kwa moja kwenye simu au kamera lisipandishwe kwenye seva lilivyo. Dakika 2 tu zinaweza kufika megabaiti mia kadhaa. Lifungue kwa HandBrake, programu ya bure, uchague MP4, kodeki (njia ya kubana picha) ya H.264, sauti ya AAC, ukubwa wa 720p na ubora RF 23 (RF ni kipimo cha ubora ndani ya HandBrake). Kisha weka tiki kwenye kisanduku cha Web Optimized. Wengi hukiruka, kumbe ndicho chenye kazi kubwa: kinahamisha fahirisi ya faili (orodha inayoonyesha vipande vya video vilipo) kutoka mwisho hadi mwanzo, hivyo video inaanza kucheza huku ikiendelea kupakuliwa. Wanaotumia ffmpeg, programu ya kubadili video kwa kuandika amri, waongeze -movflags +faststart.

Kwenye msimbo wa ukurasa weka preload="none" pamoja na picha ya poster, yaani inayoonekana kabla video haijachezwa. Bila hivyo kivinjari kinaweza kuanza kuvuta video hata kama mgeni hajaibonyeza, na data zake zikaisha bure. Ukitaka ijicheze yenyewe (binafsi sishauri), lazima iwe na muted (sauti izimwe), na kwa iPhone uongeze playsinline (ichezwe ndani ya ukurasa).

Piga hesabu ya kifurushi cha seva pia: video ya megabaiti 30 ikitazamwa yote mara 1,000 inakula gigabaiti 30.

Mtazamaji akishindwa kuruka mbele, au Safari ikigoma kabisa kuicheza, kagua seva. Huenda haitumi faili kwa vipande. Ikiombwa kipande, msimbo wa jibu lake unapaswa kuwa 206 (kipande cha faili), si 200 (faili zima).