Kwa Basi Hadi Milima ya Japani: Mwongozo wa Majira ya Joto

Ukikaa Tokyo au Nagoya mwezi wa Agosti utaelewa kwa nini Wajapani hukimbilia milimani. Joto hufika nyuzi 35, na unyevu wake ni ule wa Dar mwezi wa pili, ila hapa hakuna upepo wa bahari wa kukuonea huruma. Mimi mtoto wa Lushoto nilimaliza majira mawili nimejifungia ndani na kiyoyozi. Ya tatu, mama mmoja wa kazini akaniambia: panda basi, nenda Kamikochi, bonde la huko milimani. Kila mita 100 unazopanda hukupunguzia joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo ukishushwa kwenye mita 1,500 umeshaacha nyuzi kama tisa huko chini.

Sizungumzii kukwea mlima. Hakuna kamba wala wapagazi, na Fuji tuuache kando. Hii ni ziara ya basi: unalipa mara moja, unachukuliwa mjini asubuhi mapema, unashushwa bondeni, unapewa saa tatu au nne utembee kwa miguu yako, jioni unarudishwa. Kitu kinachoharibu ziara hizi kwa watu wetu si mwinuko wala lugha. Ni saa.

Kwanza, saa yetu wenyewe. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu aliandika "tukutane Shinjuku saa moja asubuhi" (Shinjuku ni kituo kikubwa cha Tokyo), na kijana mmoja aliyekulia Toronto akauliza kwa mshangao kama treni zipo saa hiyo ya usiku. Tangu siku hiyo tunaandika 7:00 na tumenyamaza. Pili, saa ya Wajapani. Mabasi ya usiku mara nyingine huandikwa kwa hesabu inayovuka 24: "Ijumaa 24:10" ni dakika kumi baada ya saa sita usiku wa Ijumaa, yaani kalenda imeshaingia Jumamosi. Ukienda kituoni Alhamisi usiku kwa sababu umeona "Ijumaa", utalala na mbu.

Tatu, saa ya kurudi. Mara yangu ya kwanza nilichelewa dakika sita. Nilikuwa napiga picha. Nilipofika, kiongozi wa ziara alikuwa akikimbia huku na huku na kibendera chake, na ndani ya basi watu kama arobaini wamekaa kimya. Hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema. Mwambie kiongozi akuandikie saa ya kuondoka kwa tarakimu kwenye karatasi, halafu ujipangie kufika dakika kumi kabla. Choo chenyewe kina foleni.

Sasa tuje kwenye bonde lenyewe. Kama unakwenda mara moja tu, nenda Kamikochi, mkoa wa Nagano. Magari binafsi hayaruhusiwi kuingia. Huachwa Sawando, au Hirayu ukitokea upande wa Gifu, na kutoka hapo ni basi au teksi tu. Kwa hiyo usijione mvivu kwa kupanda basi; hata tajiri mwenye gari lake atakaa kiti cha pembeni yako. Siku za msongamano mkubwa hata basi la ziara linaweza kuachwa chini mkahamishiwa mengine, na muda huo hukatwa kwenye muda wenu wa kutembea. Bonde hufunguliwa katikati ya Aprili na kufungwa tarehe 15 Novemba.

Ziara nyingi hukushusha bwawa la Taisho na kukuchukua kwenye kituo kikuu. Ukipewa chaguo, shuka Taisho. Mwaka 1915 mlima Yakedake ulilipuka, tope lake likaziba mto Azusa, na bwawa likazaliwa. Hadi leo kuna miti iliyokufa imesimama ndani ya maji, na asubuhi ukungu ukiwa bado haujapanda utasahau kwamba ulilala kwa saa nne tu. Kutoka hapo hadi daraja la Kappa ni mwendo wa saa moja na ushee, karibu wote tambarare, mto ukiwa pembeni yako na vilele vya Hotaka mbele. Kirefu kati ya hivyo, Oku-Hotaka, kina mita 3,190.

Darajani ndipo wengi wanapokwama: picha, aiskrimu, picha tena, muda umekwisha. Ukiwa na saa nne usikwame. Vuka uende bwawa la Myojin, saa moja kwenda na saa moja kurudi. Bwawa lipo ndani ya hekalu la Kishinto na kiingilio ni kidogo. Kando ya mto, kabla hujafika daraja la Kappa, kuna kibao cha shaba chenye sura ya Walter Weston, mmisionari Mwingereza aliyeandika habari za milima hii na kuitangaza Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Mimi hunikumbusha Rebmann, mmisionari mwingine, anayesifiwa kwa kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, kana kwamba Wachaga walikuwa wamefumba macho. Weston naye aliongozwa na mwindaji wa bonde hilohilo, Kamijo Kamonji. Kibanda chenye jina lake bado kipo Myojin, na ndani huchomwa samaki wa mtoni aitwaye iwana, polepole kando ya moto wa kuni, kwa chumvi tu. Wenyeji humla na kichwa chake. Mtu wa pwani hatahitaji kufundishwa.

Oze ni kitu kingine: nyanda ya majimaji mpakani mwa Gunma, Fukushima na Niigata, ambayo unaivuka juu ya njia ya mbao. Ilifanywa hifadhi ya taifa peke yake mwaka 2007. Maua meupe ya mizubasho huchanua mwishoni mwa Mei na Juni; Julai ni zamu ya maua ya njano ya nikko-kisuge. Kuna mambo mawili ambayo tangazo la ziara halitakuambia kwa herufi kubwa. Ukiingilia lango la Hatomachi, safari huanza kwa kushuka na huishia kwa kupanda, kinyume cha milima tuliyoizoea, kwa hiyo usigawe muda nusu kwa nusu. Na mbao zikilowa huteleza kama sabuni. Wanaoumia Oze wengi huumia kwa kuteleza. Pita kulia. Ndiyo, barabara za Japani ni kushoto kama kwetu, lakini kwenye mbao za Oze ni kulia.

Palipobaki nitapita haraka. Norikura: basi linakufikisha Tatamidaira, mita 2,702, hakuna barabara ya basi iliyo juu zaidi Japani. Senjojiki: basi, kisha kibanda kinachoning'inia kwenye kamba hadi mita 2,612, unatoka mlangoni na kukuta maua ya mlimani yamejaa. Murodo, kwenye njia ya Tateyama: mita 2,450, halafu bwawa la umeme la Kurobe lenye ukuta wa mita 186, ambalo kuanzia mwishoni mwa Juni hufunguliwa maji yakaruka na upinde wa mvua wake. Ni pazuri, ila siku nzima unapanda na kushuka vyombo vya usafiri na kutembea kidogo.

Madukani utaona makopo madogo ya oksijeni yakiuzwa. Kamikochi iko chini kuliko Nairobi, na Murodo ni kama Iten. Kama umeishi ufukweni miaka yote, nenda polepole Norikura na unywe maji. Mkalenjin aachane na makopo hayo.

Kuhusu nafasi: soma idadi ya chini ya abiria, kwa sababu isipofikiwa ziara hufutwa na unarudishiwa hela. Ukijitoa mwenyewe kwenye ziara ya siku moja, kanuni ya kawaida ni hii: kuanzia siku ya 10 kabla ya safari unakatwa hadi asilimia 20, kuanzia ya 7 asilimia 30, siku moja kabla 40, siku yenyewe 50, na usipotokea yote imekwenda. Ukungu na mvua ya kawaida si sababu ya kurudishiwa. Kwa hiyo chagua tarehe vizuri. Mvua za tsuyu, masika ya huku, kwa kawaida huisha karibu tarehe 20 Julai. Tarehe 11 Agosti ni Siku ya Mlima, sikukuu tangu 2016, na baada yake tu inakuja Obon, siku za kuwakumbuka marehemu, nchi nzima ikiwa barabarani. Siku za kazi kati ya mwisho wa tsuyu na Siku ya Mlima ndizo zako. Jumanne ikipatikana, ichukue.

Viatu: raba zenye soli ya kushika zinatosha kwa Kamikochi, za mtumba zilizoisha meno mpe mtu mwingine. Mwavuli unafaa mjini, milimani vaa koti na suruali ya mvua. Fulana ya pamba ikilowa jasho itakugandisha basi likiwasha kiyoyozi. Beba sarafu za yeni 100, maana vyoo vya mlimani huomba mchango huo, na mfuko wa taka zako, kwani hakuna mapipa. Oze waliyaondoa tangu 1972 na kila mtu hurudi na taka yake nyumbani. Kadi yako ya ukaazi iwe mfukoni, ni sheria. Mgeni aliyekuja kwa viza ya matembezi abebe pasipoti.

Chakula cha boksi kinachotolewa na ziara mara nyingi kina nguruwe mahali fulani, na mchuzi wa kuchovyea tambi za soba mara nyingi umetiwa mirini, ambayo ni kileo cha mchele. Muislamu afunge chapati na mayai yake, hakuna atakayemshangaa. Kibla kutoka huku ni magharibi ikiinamia kaskazini. Adhuhuri na Alasiri mimi huzikusanya pembeni ya njia, kanga chini, na mara zote watu wamepita kimya.

Dubu wapo, Kamikochi na Oze pia. Funga kengele kwenye begi, zinauzwa hapohapo, na ongea, jambo ambalo sisi hatulipungukiwi. Usiwalishe nyani wala usiwakazie macho. Ukipishana na mtu mlimani sema "konnichiwa" hata kama ni wa hamsini. Anayepanda hupishwa kwanza. Ukiumia, 119 ni gari la wagonjwa, lakini mpigie kwanza kiongozi wa ziara, namba yake ipo kwenye karatasi uliyopewa asubuhi.

Ziara nyingine humalizia kwenye maji ya moto. Unaingia mtupu, umeshajisugua kwa sabuni pembeni, na taulo haliingii majini. Mwenye chale za wino aulize kabla, sehemu nyingi hukataa. Kama huwezi kuvua mbele ya watu, kaa nje ule oyaki, kile kiandazi cha Nagano kilichojazwa mboga. Nusu ya basi huwa iko nje pia.

Nguo kavu iweke kwenye begi la mkononi, si kwenye buti la chini ya basi. Utaihitaji mlango utakapofunguliwa Shinjuku.